Mchezo na Ushahidi katika Picha za Wasio Mafundi

1. Neno na swali lake

Kiswahili cha kila siku kwa kawaida hakitumii kitenzi cha pekee kutaja kazi ya kamera. Picha hupigwa, kama vile simu, pasi, mbiu na hodi zinavyopigwa; kitenzi kimebeshwa mzigo ambao hakikuumbiwa, nacho kimeuzoea. Mjini Lubumbashi jambo hili huzidi kidogo. Katika Kiswahili cha mitaa ya mji huo sauti g ya kitenzi hicho husikika mara nyingi kama k, hata mtu wa Katuba au Kamalondo akasema kupika picha bila kufikiria jiko wala sufuria. Katika Kiswahili sanifu, kinyume chake, kitu kilichopikwa ambacho si chakula ni kitu cha kutiliwa shaka: hesabu zilizopikwa, ripoti iliyopikwa, ushahidi uliopikwa.

Kukutana huku kwa sauti ni kwa bahati tu, wala hakuthibitishi lolote juu ya asili ya maneno. Hata hivyo kunalitaja kwa ufupi swali ambalo uhakiki haujalishughulikia vya kutosha: je, picha iliyochezewa na mpigaji wake ni kazi ya sanaa, ni utani wa nyumbani, au ni uongo?

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya riwaya, tamthilia, ushairi na ngano. Nchini Kongo wataalamu wameongeza uwanja mwingine, yaani michoro ya rangi ya wasanii wa mjini, ambao Tshibumba Kanda Matulu ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Lakini picha ya mtu asiye fundi, ile ya mtoto anayeruka dimbwi, ya mama anayepepeta mchele, au ile ya mzaha ambamo kichwa cha mjomba kimebandikwa juu ya shingo ya mbuzi, imeachwa mlangoni. Inadhaniwa kwamba picha ya kila siku haina la kusemwa kwa kuwa ni ya kweli mno, na kwamba picha ya mchezo haina la kusemwa kwa kuwa si ya kweli hata kidogo. Dhana zote mbili zinafaa kuchunguzwa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba uongo haukai katika mkasi. Unakaa katika kumficha mtazamaji kwamba mkasi umetumika. Na kwa Wakongo, ambao historia yao iliwahi kutegemea picha kama shahidi, tofauti hiyo si jambo la starehe tu.

2. Picha ya kila siku

Asiye fundi, kwa maana inayotumika hapa, si mtu asiyejua kazi. Ni mtu asiyeishi kwa kazi hiyo: hana studio, hana mteja, hana bei. Watu wa namna hiyo walikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya upigaji picha katika karne ya 19, lakini walikuwa wachache na wenye mali, kwa sababu vyombo vilikuwa vizito na matumizi ya dawa yalihitaji mafunzo. Mambo yaligeuka mwaka 1888, Mmarekani George Eastman alipouza kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100 ndani yake. Mnunuzi alipiga mpaka filamu ikaisha, kisha akairudisha kamera nzima kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 kampuni hiyo hiyo ilitoa kamera ya Brownie, sanduku la karatasi ngumu lililouzwa kwa dola 1, na watoto wakatajwa waziwazi kuwa miongoni mwa wanunuzi waliokusudiwa.

Kilichobadilika hakikuwa idadi ya picha peke yake, bali pia kile kilichohesabiwa kuwa kinastahili kupigwa. Studio ilimtaka mtu avae nguo ya heshima, asimame wima na atulie. Asiye fundi alipiga pale alipokuwa: uani, mtoni, mezani, njiani. Hakungoja tukio, alitosheka na siku.

Mfano unaofaa ni Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894 katika familia tajiri, akaanza kupiga picha akiwa bado mtoto mdogo kwa kamera aliyopewa na baba yake. Katika picha yake moja ya mwaka 1905 anaonekana binamu yake, aliyeitwa Bichonnade, akiruka kwenye ngazi za nje: sketi imejaa hewa, miguu haijagusa chini, uso haujui bado kama utaangukia kicheko au maumivu. Hakuna habari ya gazeti ndani yake. Kuna nusu sekunde tu ya mchana mmoja, ambayo hakuna aliyeihitaji isipokuwa mtoto aliyeipenda. Umma ulikuja kuzifahamu picha hizo mwaka 1963, zilipoonyeshwa katika Museum of Modern Art mjini New York, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 69.

Mhakiki anayesoma picha ya aina hii hana budi kubadili desturi yake. Katika kazi ya fundi husomwa kilicho katikati. Katika kazi ya asiye fundi inafaa kusomwa pia kilicho pembeni na kilichokosewa. Kichwa kilichokatwa na ukingo, mpita njia aliyejitokeza bila kualikwa, kivuli cha mpigaji kinachoangukia miguu ya anayepigwa: fundi huyaondoa hayo yote, na kwa kuyaondoa hufuta habari ya nani alisimama wapi na kwa nini. Kivuli kile ni sahihi ya mwandishi. Kinasema kwamba picha hii haikutoka mbinguni. Ilipigwa na mtu mwenye mwili, saa fulani ya jua, akiwa karibu kiasi hiki na wale aliowapenda.

Lakini Lartigue huyo huyo alikuwa na upande wa pili. Karibu na mwaka ule ule alimfunika kaka yake Zissou kwa shuka, akamsimamisha mbele ya kamera, akaifungua lenzi kwa muda, kisha Zissou akaondoka kabla lenzi haijafungwa. Kwa kuwa kioo chenye dawa kilikuwa kimepokea mwili na, baada yake, mahali palipoachwa wazi, ulitokea mzimu mweupe ambao ukuta na majani yalionekana kupitia kifuani mwake. Mtoto yule yule aliyenasa mruko wa kweli alitengeneza mzimu wa uongo, wala hakuona kwamba huu wa pili unauchafua ule wa kwanza. Inafaa kuuliza kwa nini hakuona hivyo, na kama alikosea.

3. Mchezo na mshono wake

Kuchezea picha si uvumbuzi wa kompyuta. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, lakini zaidi ya karne moja kabla yake wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza walikuwa wakikata vichwa kutoka katika picha ndogo za ndugu na marafiki, wakavibandika juu ya miili waliyoichora kwa rangi ya maji. Katika albamu ya Kate Edith Gough ya miaka ya 1870, inayohifadhiwa katika Victoria and Albert Museum mjini London, vichwa vya mabibi waliosuka nywele kwa uangalifu vimewekwa juu ya shingo za mabata yanayoogelea bwawani. Hakuna aliyepata kuuliza kama mabata hayo yalikuwapo.

Sababu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja. Msimulizi wa pwani hamwingizi msikilizaji katika nchi ya sungura anayesema na zimwi linalomeza kijiji kizima bila kwanza kubisha hodi. Husema Paukwa, na hadhira hujibu Pakawa. Maneno hayo mawili hayana maana ya kufasiriwa, yana kazi. Ni mapatano. Kwa kujibu, msikilizaji anatoa ruhusa ya kuambiwa yasiyokuwapo, na kuanzia hapo hakuna anayedanganywa, kuna aliyealikwa. Mtu atakayesimama katikati ya ngano na kupinga kwamba sungura hawezi kuvaa koti hajagundua uongo, bali amesahau kwamba alijibu.

Picha ya mchezo nayo ina Paukwa yake. Haisemwi kwa mdomo, huonekana. Ni mshono ule unaoachwa wazi ambapo kitu kimoja kimeunganishwa na kingine: kichwa kikubwa kuliko mwili unavyoweza kubeba, mwanga unaotoka kushoto kwa huyu na kulia kwa yule, mtu mzima aliyesimama ndani ya gilasi ya maji. Ukubwa usiowezekana ndio salamu, na kicheko cha mtazamaji ndiyo Pakawa. Kwa hiyo mshono ambao fundi wa studio angeuhesabu kuwa aibu ni sehemu ya maana ya kazi, kama vile kiitikio kilivyo sehemu ya wimbo.

Kusema hivi si kusema kwamba kila mchezo ni mzuri. Upo mchezo dhaifu, unaobandika kichwa cha mtu juu ya mwili wa mnyama kwa ajili ya kumtusi tu. Ukishachekwa mara moja hauna lingine la kutoa. Upo pia mchezo wenye nguvu, unaosema juu ya watu wake jambo ambalo picha ya kawaida isingeweza kulisema. Mabata ya Gough ni ya aina hii ya pili. Mabibi wale waliovaa vizuri, waliofunzwa kukaa na kupendeza, wanaelea kwa utulivu juu ya maji wasiyoyachagua. Na aliyewachora hivyo alikuwa mmoja wao. Mzaha unaomrudia mwenyewe una uzito kuliko mzaha unaotupwa kwa jirani.

4. Vijitu vya Cottingley

Je, mchezo hugeuka lini kuwa uongo? Kisa kimoja kinaonyesha hatua zake zote.

Mwezi Julai 1917, katika kijiji cha Cottingley karibu na mji wa Bradford, Uingereza, Elsie Wright mwenye umri wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths mwenye miaka 9 waliazima kamera ya baba yake Elsie. Frances alikuwa akikaripiwa kwa kurudi nyumbani na viatu vilivyolowa. Akajitetea kwamba huenda kijitoni kuwatazama vijitu vyenye mabawa, wale ambao ngano za Kiingereza huwataja kuwa wakazi wa vichaka na maua. Kamera ilitakiwa kumaliza ubishi huo. Baba aliposafisha kioo katika chumba chake cha giza aliona uso wa Frances, na mbele yake vijitu vinne vikicheza ngoma. Baadaye ikafuata picha ya pili, Elsie akiwa na kijitu kingine. Baba alikuwa yeye mwenyewe mpiga picha wa kujifurahisha, tena alijua kwamba binti yake ana mkono mwepesi wa kuchora. Aliichukua kazi ile kama utani, na baada ya picha ya pili akakataa kuazimisha kamera.

Hadi hapo hakuna uongo mkubwa kuliko ule wa ngano. Mchezo ulifanyika ndani ya ua, na mtazamaji wake wa kwanza aliusoma sawasawa. Hata mshono ulikuwapo. Anayeitazama picha ya kwanza kwa utulivu ataona kwamba maporomoko madogo ya maji yaliyo nyuma ya Frances yamefifia kwa sababu ya mwendo wake, kwa kuwa lenzi ilikaa wazi kwa muda. Ilhali vijitu vinavyodaiwa kurukaruka vina kingo kali, kana kwamba havijasogea hata unywele mmoja. Tena Frances hawatazami wageni wake wa ajabu. Anaitazama kamera, kama mtoto yeyote anayepigwa picha.

Mambo yaligeuka mwaka 1919, mama yake Elsie alipozitaja picha hizo katika mkutano wa jumuiya ya Theosofia mjini Bradford. Zilimfikia Edward Gardner, mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo, naye akamwendea mtaalamu wa picha aitwaye Harold Snelling, ambaye alitamka kwamba haoni hila. Snelling alifanya jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: alitengeneza upya picha zile ili ziwe safi na wazi zaidi. Watu wa Kodak walipoombwa kutoa hati ya kuthibitisha, walikataa. Hata hivyo mwezi Desemba 1920 picha zilitokea katika gazeti la The Strand, pamoja na makala ya Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, aliyezitangaza kuwa za kweli. Mwaka 1922 akatoa kitabu kizima juu yake.

Mabinti walipata kuwa vikongwe kabla ya kueleza. Mwaka 1983 walikiri kwamba vijitu vilinakiliwa kutoka katika kitabu cha watoto cha mwaka 1914, vikachorwa juu ya karatasi, vikakatwa kwa mkasi na kusimamishwa kwa pini za kofia. Kuhusu picha moja tu, ya tano na ya mwisho, Frances alishikilia mpaka kufa mwaka 1986 kwamba ilikuwa ya kweli.

Mhakiki auliweke wapi kosa? Si kwa watoto, au si kwao kwanza. Walitoa Paukwa kwa watu wa nyumbani, nao waliielewa. Kosa lilianza pale picha ilipotolewa uani bila Paukwa yake, ikapelekwa kwa watu waliokuwa na haja. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeacha makaburi mengi. Conan Doyle mwenyewe alifiwa na mwanawe mwaka 1918, naye aliamini kwamba wafu husema na walio hai. Karatasi na pini hazikubadilika. Kilichobadilika ni maneno yaliyozunguka picha, na hamu ya wale walioyasoma. Kisha wakubwa walipokwisha kusema, watoto wakafungwa mdomo na heshima: mtoto wa fundi wa kijijini atamwambiaje bwana mwenye jina kama lile kwamba amekosea?

5. Baringa

Kisa cha Cottingley kingeweza kubaki kichekesho cha Kiingereza, lau jina la Conan Doyle lisingekuwa limeandikwa pia katika historia ya Kongo. Mwaka 1909, miaka 11 kabla ya vijitu, mwandishi huyo alitoa kitabu kiitwacho The Crime of the Congo, alimoshitaki utawala wa Leopold wa Pili kwa mauaji na mateso yaliyofuatana na ukusanyaji wa mpira. Aliandika kama sehemu ya harakati iliyoanzishwa rasmi mwaka 1904 chini ya E. D. Morel, harakati ambayo silaha yake mojawapo kubwa ilikuwa picha.

Picha iliyojulikana kuliko zote haikupigwa na fundi. Alice Seeley Harris alikuwa mke wa mmisionari na mmisionari mwenyewe, aliyefika Kongo mwaka 1898 na kamera yake. Mwezi Mei 1904, katika misheni ya Baringa, alifika mwanamume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Katika picha Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, mwili umeelekea upande, macho yakiwa juu ya vile vilivyowekwa mbele yake. Nyuma wamo watu wengine. Hakuna anayelia. Harris na mumewe waliionyesha picha hiyo na nyingine kwa taa ya kuonyeshea picha ukutani, mbele ya watu wengi, na waliokuwa wakibisha wakanyamaza. Mark Twain, katika kijitabu chake cha mwaka 1905, alimfanya mfalme ailalamikie kamera ndogo kuwa shahidi asiyenunulika.

Haifai hata hivyo kusema kwamba picha ya Baringa ina nguvu kwa sababu haikupangwa. Ilipangwa. Mtu hakai hivyo kwa bahati, na vitu havijipangi barazani. Picha ya ushahidi nayo huchagua mahali, mwanga na mwelekeo wa uso. Tofauti yake na picha ya vijitu haiko katika kupangwa, bali katika majibu ya maswali ambayo kila shahidi huulizwa: nani alikuwapo, wapi, lini, na nini kilitokea nje ya ukingo. Baringa ina majibu: jina la baba, jina la mtoto, kijiji, mwezi, kampuni. Cottingley ilipoulizwa maswali hayo hayo, majibu yalitolewa na watu ambao hawakuwa kijitoni.

Tena picha ya kweli huweza kuzungukwa na maneno ya uongo. Kijana Epondo, ambaye mkono wake uliokatwa ulitajwa katika uchunguzi wa Roger Casement wa mwaka 1903, alikuja kutumiwa na watetezi wa utawala kama uthibitisho kwamba mkono wake uliharibiwa na nguruwe-mwitu. Hakuna aliyeichezea picha wala jeraha. Walichezea maelezo. Ndiyo kusema kwamba mkasi wa hatari zaidi ni ule unaokata habari na kuitenga na picha yake.

Conan Doyle ni somo kwa pande zote mbili. Macho yale yale yaliyoamini Kongo, na kuamini kwa haki, ndiyo yaliyoamini Cottingley. Hakuwa mpumbavu, alikuwa daktari na mtu wa sheria za ushahidi katika riwaya zake. Katika suala la Kongo alikuwa na ripoti, majina na mashahidi wengi waliokubaliana. Katika suala la vijitu alikuwa na picha na hamu yake. Na wanaotaka kukana ya Baringa wangependa sana kuyataja ya Cottingley: aliyedanganywa na watoto wawili, wangesema, aaminiwe vipi? Hapo ndipo mchezo unapoweza kumdhuru shahidi. Hasara ya uongo mmoja si kwamba watu watauamini. Ni kwamba wataacha kuamini kilicho kweli.

6. Lubumbashi na mkasi ulio wazi

Je, basi, mkasi ukatazwe? Jibu zuri limetoka Lubumbashi kwenyewe. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978 na kusoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Yeye si mpiga picha wa kujifurahisha, na kazi yake si mzaha. Lakini anatumia chombo kile kile cha mabibi wa Kiingereza. Amechukua picha za rangi za viwanda vilivyokufa, kuta zilizoanguka na mitambo iliyopata kutu, mali ya Gécamines, mrithi wa Union Minière iliyotaifishwa mwaka 1967. Ndani yake ameweka watu waliokatwa kutoka katika picha za zamani zisizo na rangi: wafanyakazi na mabwana wa enzi ya ukoloni, wakiwa wamesimama mahali ambapo leo hakuna mtu.

Mtazamaji hadanganywi hata nukta moja. Weusi na weupe wa watu haukubali kuungana na rangi ya udongo. Mshono unapiga kelele. Na kwa sababu unapiga kelele, picha inasema lile ambalo picha zake mbili, kila moja peke yake, zisingeweza kulisema. Picha ya zamani peke yake ni karatasi ya kampuni, iliyopigwa ili kuhesabu mikono ya kazi. Picha ya sasa peke yake ni magofu, ambayo mgeni huyatazama na kupita. Zikiunganishwa, wafanyakazi wale wanarudi kudai mahali pao, na magofu yanapata wenyewe. Hii ni Paukwa iliyotumika kwa ajili ya ukweli: lililo wazi kuwa haliwezekani linamlazimisha mtu kufikiri juu ya lililotokea.

Mafunzo yake yanawahusu wasio mafundi pia. Kijana anayemweka marehemu babu katika picha ya harusi ya mjukuu, akamwacha katika rangi yake ya zamani ya kahawia, hakudanganya. Amesema kwamba babu alistahili kuwapo. Akimpaka rangi, akamvisha suti ya kisasa na kusawazisha mwanga mpaka mshono ukatoweka, amefanya kazi ya ufundi mkubwa zaidi yenye maana ndogo zaidi. Baada ya miaka 50 vitukuu watabishana juu ya mwaka aliofariki.

Suala hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazotunga picha kutokana na maneno tu, bila kamera, bila mkasi na, mara nyingi, bila mshono unaoonekana. Wakati huo huo, katika vita vya mashariki ya Kongo, picha za miaka mingine na nchi nyingine zimepitishwa kutoka simu hadi simu kana kwamba zilipigwa jana Kivu. Anayezipitisha huenda hakukusudia uongo. Wengine wana huruma tu, kama alivyokuwa nayo mzee wa Sherlock Holmes. Lakini kila picha ya namna hiyo inapofichuliwa, mwuaji wa kweli hupata utetezi wa bure: hata hii, atasema, ni ya kupikwa.

7. Hitimisho

Uhakiki wa picha za wasio mafundi hauhitaji nadharia mpya. Unahitaji kuazima kutoka katika fasihi simulizi adabu ambayo kila bibi aliyesimulia jioni aliijua. Mbele ya picha yoyote ya kila siku au ya mchezo yafaa kuulizwa maswali matatu. La kwanza: iko wapi Paukwa yake, na je, mtazamaji aliyekusudiwa anaweza kuisikia? La pili: mchezo huu unafungua nini juu ya watu wake ambacho picha tupu isingekifungua? La tatu: picha hii ikitoka nje ya ua wake, ni maneno gani yatakayofuatana nayo, na ni nani atakayeyasema?

Wako wanaopendekeza kwamba kila picha iliyoguswa ipigwe mhuri na kuandikwa onyo. Nia yao ni njema, lakini ngano isiyokoma kukumbusha kwamba ni ngano hufa mdomoni. Paukwa hutamkwa mara moja, mwanzoni, kwa sauti inayosikika, yatosha. Lililo haramu ni kuimeza.

Kwa hiyo Zissou na abaki mzimu ndani ya shuka lake, na mabata ya mabibi yaendelee kuogelea. Hakuna aliyedhulumiwa nao. Lakini picha ya Nsala ipewe kila siku majina yake yote, ya baba, ya binti, ya kijiji na ya mwaka, kwa maana ndiyo yanayoifanya isiweze kuitwa mchezo.